Kipande cha Katikati

Igombe, Mwanza

Dada yangu Atupele,

Shikamoo dada. Pokea na shikamoo ya mwanangu Neema, maana amenisimamia hapa mlangoni kuhakikisha yake naiandika kabla sijaanza maneno yangu mengi. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia usimgawie kila anayepita akilalamika kiuno, utabaki na chupa tupu na mgongo wako. Na mvua ya huko kwetu, imewapa nafasi ya kuanika hata shuka moja? Sisi huku tunaamka na jua na tunalala na joto, ila tu wazima. Nataka ulishike neno hilo kabla hujasoma mbele: tu wazima wote, na yule mdogo pia. Sasa kaa vizuri.

Najua utasema, Sekela, simu ipo, barua ya nini. Dada, simu yako unaiweka spika hata ukiongea na daktari, na haya si maneno ya spika. Nimempa binti wa jirani aliyepangiwa kazi huko Tukuyu, nimemwambia akukabidhi mkononi. Mpe chai na ndizi, asiondoke akasema kwetu wachoyo.

Nianze na mazuri, maana ni mengi. Neema, yule mliyesema shule itamzeesha bila mume, sasa ndiye msimamizi wa wodi nzima. Akipita sokoni wanamwita dokta. Yeye anawakatalia, mimi siwakatalii. Nyumba yao ina vigae mpaka jikoni, ukidondosha kijiko kinalia kama kengele ya kanisa. Na mume aliyempata, Magesa, Mjita wa huku ziwani, ni fundi wa mashine za boti. Injini ikikohoa katikati ya ziwa wavuvi wanampigia, anaisikiliza kwa simu hiyohiyo, anawaambia safisheni plagi. Na anasafisha viatu vyangu, dada. Mkwe! Nani mwingine pale kwetu ana mkwe wa namna hiyo?

Unajua nilichokuja kufanya huku. Mimba ya kwanza ilitoka, Neema akanyamaza kwa muda mrefu mpaka nikaogopa sauti yake nitaisahau. Hii ya pili nilisema nitailinda mwenyewe. Nilipofika tu, Magesa alinipokea begi akaniambia, "Mama, akiwa wa kike tutamwita Sekela. Umetoka mbali kwa ajili yetu." Ndiyo siku ile niliyokupigia nikipiga vigelegele, na wewe ukawatangazia akina mama wa kanisani.

Mama yake Magesa sikumkuta. Alifariki kabla hawa hawajaoana. Aliitwa Nyangeta, alikuwa akianika dagaa juu ya mawe makubwa kule ufukweni, na kila mtu hapa akimtaja hupunguza sauti kidogo, si kwa woga, ni kama mtu aliyeko chumba cha pili atasikia. Kiti chake cha mbao kipo hapa sebuleni karibu na dirisha. Magesa alikileta baada ya msiba. Hakuna aliyeniambia nisikikalie, lakini niligundua hakuna anayekikalia.

Sasa akina mama wa mtaa huu wana jambo lao zuri. Mwanamke akibeba mimba ya kwanza ya kufika mbali, kila mama anafuma kipande kimoja cha mraba nyumbani kwake, kwa kroshia, uzi wa sweta, rangi anayoipenda. Halafu wanakaa siku moja wanaviunganisha vipande vyote, inakuwa blanketi la mtoto. Nikafurahi, maana hapo wameingia kwenye shamba langu. Nani alivalisha makochi ya mchungaji kwa mkono wake? Nani alifuma yale maua ya meza ambayo mke wa mkuu wa shule aliyaomba mpaka akachoka?

Mwenye kuwaongoza ni jirani yetu, Mama Kulwa, Msukuma mnene mwenye kicheko cha kutikisa bati. Nikamwambia cha katikati ndicho nitakachofuma mimi.

Akaacha kucheka. "Mama Neema, cha katikati kinalala kifuani kwa mtoto. Hicho ni cha upande wa baba. Bibi mzaa baba ndiye anafuma."

"Si alishafariki?"

"Kwa hiyo anafuma shangazi. Au tunaacha kwanza."

"Nimetoka Tukuyu mpaka hapa," nikamwambia, "nimekalia mabasi mpaka miguu imevimba, nije nifume cha pembeni kama mpita njia?"

"Nyie watu wa ndizi mna maneno!" akasema, wenzake wakacheka, nikajua nimeshinda.

Nikafuma. Dada, kilikuwa kipande! Nilianza na kaduara kadogo ka mnyororo, nikazungusha petali za ua, nikapandisha pembe nne, na juu ya ua nikaweka herufi ya S kwa uzi mwekundu, ile ya Sekela, ionekane hata na mtu asiye na miwani. Nikakitandika juu ya mgongo wa kile kiti cha dirishani ili kila anayeingia akione, nikaenda jikoni kupika. Kurudi, kipande hakipo. Kwenye kiti pana donge la uzi.

Si uzi uliovutwa na paka, uelewe. Paka akifumua anatapanya. Huu ulikuwa umeviringishwa, umekazwa vizuri, mwanzo wa uzi umefichwa ndani kama tunavyofundishana kuufanya. Na ulikuwa na unyevu, kama mtu ameviringisha akiwa na mikono iliyotoka majini. Neema alikuwa kazini, Magesa ufukweni. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

Nikasema ni Mama Kulwa, ameingia kunitania. Nikafuma tena. Safari hii nikakifungia kwenye kabati la vyombo, nikauweka ufunguo kifuani. Nilipofungua, donge. Limekaa katikati ya sahani, sahani ya chini ina matone ya maji. Nikanusa: dagaa wa juani. Unajua nyumba hii dagaa hawaingii? Neema tangu apate mimba harufu yao inamtapisha.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Neema wa watu mwenye tumbo limekaa vile? Nikaomba, nikakemea, nikafuma tena kwa hasira mpaka vidole vikafanya malengelenge. Hicho cha mwisho sikukiacha. Nilikishika mkononi, nikaegemea kochi mchana kwa ule usingizi wa joto, na nilipoamka nilikuwa nimeshika kipande. Nikashukuru. Halafu nikakiangalia.

Hakikuwa changu.

Ua lilikuwa lingine, petali nyembamba kama samaki waliopangwa kuzunguka sahani. Herufi hakuna. Uzi ni wangu uleule. Lakini mishono yote ilikuwa imelalia upande usio wake. Wewe hufumi, ngoja nikueleze: mimi na wewe na kila mtu wa mkono wa kulia tunazungusha kazi kuelekea upande mmoja, na kitanzi kinainamia upande huo. Hiki kiliinamia kinyume. Ni mtu wa mkono wa kushoto aliyekifuma, na fundi, dada, simnyimi haki yake. Mshono hata mmoja haukuyumba.

Siku ya kuunganisha ilipofika nilikwenda nacho kwenye baraza la Mama Kulwa. Ndiyo, nilikwenda nacho. Wakakipokea, wakakipitisha mkono kwa mkono, "Jamani, Mama Neema! Kumbe maneno yako yana kazi nyuma yake!" Nikanyamaza nikapokea sifa. Ungefanyaje?

Kikafika kwa Mama Kulwa. Akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akapitisha kidole gumba juu ya mishono taratibu. Kisha akainuka akaingia ndani, akarudi na kitambaa cha zamani cha kufunikia redio, rangi imepauka. Akaviweka pamoja mapajani. Ua moja. Mlalo mmoja.

"Hiki alinifumia mama yake Magesa," akasema. "Huku hatujapata mwingine wa mkono wa kushoto."

Wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepanda siku hiyo, unawaona kwa mbali wamesimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, na sauti yao ilitufikia pale, kama watu wengi wakisoma kwa pamoja bila kufungua midomo. Mama mmoja akakusanya uzi wake akasema ameacha maharage jikoni.

"Mama Neema," Mama Kulwa akaniambia polepole, "mwenzako ameshafuma cha kwake. Tukiweke."

Sikukubali. Unanijua. Nilikishika kipande kile palepale mbele yao, nikatafuta ncha ya uzi, nikavuta. Kikafumuka chote, kikawa rundo mapajani mwangu. Nikachukua kroshia nikafuma cha kwangu huku wananitazama, chenye S, nikakishona katikati kwa mkono wangu, mshono wa kukaza. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nikalibeba blanketi nikarudi nalo nyumbani, na nilipofungua mlango nikakuta kile kiti cha dirishani kimegeuzwa, kinatazama ukutani.

Mtoto akazaliwa. Wa kike, mzito, ana paji la uso la baba yetu marehemu. Hiyo ndiyo simu niliyokupigia nikilia kwa furaha. Ambacho sikukuambia ni kilichofuata.

Hakunyonya, dada. Wakimpeleka kwenye titi la mama anageuza uso kama mtu anayekataa chakula kwa jirani mbaya. Na kulia. Kilio kikavu, kirefu, halafu anakatisha, anasikiliza, halafu anaanza tena. Kule kusikiliza ndiko kulikonitisha. Hospitali wakampima kila kitu, wakasema hawaoni ugonjwa, mkamulieni maziwa mmnyweshe kwa kikombe. Tukamnywesha, akayatema. Yale mapaja aliyozaliwa nayo yakaanza kulegea ngozi. Nami kila nikimbeba namwimbia, "Sekela, Sekela mwanangu," na kila nikitaja jina kilio kinapanda.

Nikimfunika blanketi, kipande cha katikati kinalowa. Si mkojo, maana hicho ni cha kifuani, na vipande vingine vyote vikavu. Kimelowa mraba uleule, mpaka kwenye mshono, hakivuki. Nakianika, nakirudisha, kinalowa.

Magesa akaja akachuchumaa mbele yangu, mwanaume mzima anayeinua mashine ya boti peke yake.

"Mama, naomba niseme kitu, usinikasirikie."

"Sema."

"Kwetu, mtoto akilia hivi analilia jina. Kuna mtu wa ukoo anataka kuitwa."

"Kwenu, kwenu! Huyu ni mtoto wa kanisa," nikamwambia. "Na wewe si ndiye uliyeniahidi kwa mdomo wako?"

"Niliahidi, Mama. Ndiyo maana nakuomba, siwezi kukunyang'anya."

Nikafungua mdomo nimpe maneno yake. Neema akanitangulia. Alikuwa amekaa kitandani na yule mtoto, macho yamemwingia ndani, na ile sauti yake, dada, ilikuwa imeanza kupotea tena kama mwaka ule.

"Mama, mimi ni nesi. Nimeangalia kila ninachojua kuangalia. Kimebaki kile usichotaka wewe."

Nilitoka nje nikasimama uani, nikaona yale makorongo, mandege makubwa yenye kipara, yamejipanga juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, yote yameelekea dirisha letu. Nikayarushia kokoto. Hayakuruka. Nikaenda kwa Mama Kulwa, sikupiga hata hodi vizuri.

"Magesa akimwita hilo jina itatosha?" nikamuuliza.

"Haitatosha. Aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake ndiye anayeinuka, na anainuka kwa mdomo wake. Na kile kipande ukitoe."

"Kwa hiyo nimeshindwa."

"Na mtoto akifa utakuwa umeshinda nini, Mama Neema?"

Alinisema bila kicheko. Nikarudi.

Nilikaa sakafuni sebuleni, Neema kwenye kochi na mtoto analia, Magesa amesimama mlangoni. Jua lilikuwa kali, mchana mweupe kabisa, usidhani nakusimulia mambo ya gizani. Nikalitandika blanketi mapajani nikaanza kukata ule mshono wa kukaza nilioushona mwenyewe. Ulikuwa mgumu. Kisha nikatafuta ncha ya kipande nikavuta. Na uzi ukaja mzito, dada, kama unavuta wavu, kama kuna mtu upande wa pili ameushika, anauachia kidogo kidogo. Ukadondosha maji kwenye vigae. S ikafumuka. Ua likafumuka. Nikafika kwenye kale kaduara ka mwanzo, nikafungua kitanzi cha mwisho, mkononi ukabaki uzi mtupu.

Nikainua uso nikatazama kile kiti. Nikasema, "Mkwe mwenzangu, samahani. Mimi ni Sekela, mama yake Neema. Mjukuu huyu anaitwa Nyangeta."

Mtoto akanyamaza.

Na si yeye peke yake. Mashine za boti kule ufukweni zilinyamaza, kuku wa Mama Kulwa walinyamaza, feni juu yetu ilikuwa inazunguka na sikuisikia. Mtoto alikuwa amefungua macho. Vichanga wa umri ule hawaoni mbali, Neema mwenyewe huwaambia wazazi hivyo kila siku. Huyu alitazama kitini, halafu macho yakaanza kusogea, taratibu, kama unavyomfuata mtu anayetembea chumbani. Yakapita kwa Magesa. Yakapita juu ya kichwa changu, na mimi kisogo kikapata ubaridi wa Tukuyu ndani ya joto la Mwanza. Yakasimama nyuma ya bega la Neema, juu kidogo, pale ambapo uso wa mtu aliyeinama ungekuwa.

"Mama," Neema akaniambia bila kugeuka, "nani amenishika bega?"

"Mnyonyeshe," nikasema.

Akamnyonyesha. Alinyonya kama mtu aliyetoka safari ndefu. Magesa aliteleza kwenye fremu ya mlango mpaka sakafuni akalia kwa Kijita. Mimi sikulia mpaka jioni.

Sasa ana mashavu, dada. Akishiba anapiga miayo kama mzee wa baraza. Akienda kupimwa kliniki mama wengine wanauliza unampa nini, nami nawaambia ni damu ya Tukuyu hiyo, sisi watoto wetu hujaa. Waongezee hapo akina mama kanisani. Halafu uwaambie kuhusu jina. Waambie mwenyewe, usoni, kwamba Sekela nimelitoa mimi, kwa hiari yangu, sikunyang'anywa na mtu. Atakayecheka mwandike jina, nitashughulika naye nikirudi. Wa pili ni wangu, nimeshamwambia Magesa, na nimemwambia na yule mwingine pia.

Blanketi bado lina shimo katikati. Mama Kulwa alijitolea kulijaza, Magesa akataka kumwita shangazi yake. Nimekataa wote. Nimeweka donge la uzi na kroshia yangu nzuri kwenye kiti cha dirishani, kiti nikakigeuza kitazame watu. Kila nikitaka kuingia sebuleni mchana napiga hodi kwanza, nasubiri kidogo, ndipo naingia. Leo asubuhi donge lilikuwa limepungua.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie Magesa anamtunzia pampu ya maji aliyoiomba. Nisalimie kaka yetu mkubwa na wifi, na yule mtoto wao wa mwisho mpe pole ya jino. Msalimie mchungaji, lakini hii usimsomee. Mwombe tu atuombee, na akiuliza majina, ataje mtoto, ataje mama yake, na ataje na bibi zake wote wawili.

Ndaga fijo, asante sana, dada yangu. Nimekaa vizuri na nyumba imejaa.

Mdogo wako Sekela,
bibi yake Nyangeta